Mbwa wawili na paka mmoja: mwalimu wa Uyole apunguze wapi?

Msomaji mmoja, mwalimu anayeishi Uyole, Mbeya, ameandika hivi: "Daktari, habari za kazi. Nina mbwa wawili, jike na dume, na paka jike. Kila mwezi wananitoa kama shilingi 120,000: chakula cha mfuko, vidonge vya minyoo kwa wote watatu kila mwezi, shampuu, na kijana wa kuwaogesha kila Jumamosi. Mshahara ni uleule. Nimewaza mwaka huu niruke chanjo, maana mbwa wangu hawavuki geti. Jirani yangu mfugaji naye ameniambia dawa yake ya kuogeshea ng'ombe ni rahisi na inaua kupe vizuri, atanigawia. Je, nipunguze wapi?"

Mwalimu, kazi ni njema, pole na majukumu. Umenitajia vitu unavyovilipia bila kusita, halafu kimoja unachotaka kukitoa. Ukinipa kalamu yako nyekundu, hicho unachotaka kukitoa ndicho nitakachokiwekea vema, na karibu vyote vilivyobaki nitavikata.

Kwanza hilo la geti. Geti linamzuia mbwa wako kutoka, halimzuii mbwa koko kupita chini ya uzio usiku, wala halimzuii paka wako kupanda ukuta na kwenda anakotaka. Paka naye hupata kichaa cha mbwa, na akishaambukizwa hurudi kulala palepale anapolala siku zote, pengine mapajani mwako. Umenieleza habari za mbwa kutovuka geti. Za paka hukusema, nami nina wasiwasi kwamba huyo hajawahi kuchomwa kabisa. Watu wengi hapa Mbeya huchanja mbwa na kumsahau paka, kana kwamba ugonjwa husoma jina lake kwanza.

Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Anayeng'atwa anatakiwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuanza sindano kadhaa kwa ratiba maalumu. Hesabu nauli, siku za kazi zilizopotea na usiku usiolala ukimwangalia mtoto aliyeng'atwa, kisha linganisha na sindano moja ya mbwa kwa mwaka. Mimi sioni pa kuokoa hapo.

Pa kuokoa ni kwenye namna unavyoilipia hiyo sindano. Hili ndilo nataka ulishike, maana wateja wangu wengi hawalijui, na kusema kweli sisi madaktari hatujisumbui kuwaambia. Nikipanda pikipiki kutoka mjini hadi Uyole kumchoma mbwa mmoja, sehemu kubwa ya unachonilipa si chanjo. Ni mafuta, ni saa mbili zangu, na ni chupa. Chanjo ya kichaa cha mbwa huja kwenye chupa ya dozi 1 au ya dozi 10. Ile ya dozi 10 kila dozi yake huwa nafuu, lakini ikishafunguliwa ni lazima iishe siku hiyohiyo, haiwekwi akiba. Miaka yangu ya mwanzo niliitwa njia ya Tukuyu kwa mbwa mmoja, mkobani nina chupa za 10 tu. Nilichoma dozi moja, tisa nikamwaga, na nikamtoza mwenye mbwa chupa nzima. Hakuniita tena, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo fanya hivi. Zungumza na majirani, wazazi wa wanafunzi wako, huyo mfugaji pia, maana mfugaji asiye na mbwa simjui. Mkipata wanyama 10, mbwa na paka, mwiteni daktari siku moja, ua mmoja. Nauli mnagawana, chupa inaisha, na bei ya kila mnyama inashuka hata bila kubembeleza. Kila mbwa afungwe kwenye mti wake, mbali na mwenzake, na ashikwe na mtu mzima anayemfahamu, si mtoto. Siku hiyohiyo daktari awapime uzito wote na kuwaandikia dozi za minyoo, ili safari moja ifanye kazi tatu.

Kabla ya hapo, mpigie simu afisa mifugo wa kata yako. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na tarehe hiyo halmashauri nyingi huendesha kampeni ambapo chanjo hutolewa bure au kwa bei ndogo. Muulize mapema, Julai au Agosti, kwa sababu tangazo hupita kwa gari la spika saa ambazo wewe uko darasani. Dozi ya kampeni ni dozi kamili, usiidharau kwa kuwa ni ya bure. Dai kadi, na kadi ihifadhi na vyeti vyako. Mnyama asiye na kadi kila daktari mpya humwanzishia mwanzo, na mwanzo hulipiwa.

Kadi hiyohiyo itakusaidia kwenye ile chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo ya kuharisha damu, distempa ya homa na degedege, na homa ya ini. Kama mbwa wako walichomwa dozi zote za utotoni na ile ya kurudia mwaka mmoja baadaye, miongozo ya kimataifa ya madaktari wa wanyama inasema magonjwa hayo matatu hayahitaji kurudiwa kila mwaka. Kila baada ya miaka 3 inatosha. Kinachohitaji kurudiwa kila mwaka ndani ya mchanganyiko huo ni kinga ya homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Hiyo huenezwa na mkojo wa panya, na nyumba yenye stoo ya mahindi haikosi panya. Muulize daktari wako hili waziwazi. Akiona unajua, mtaelewana.

Kwenye chanjo jambo moja tu nakukataza: usinunue chanjo dukani ukajichomea mwenyewe. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani mpaka kwenye ngozi ya mnyama. Baridi ya Uyole isikudanganye. Haijui chupa hiyo ilisafiri vipi, pengine juu ya injini ya basi kutoka Dar es Salaam. Chanjo iliyokufa ina rangi ileile ya chanjo nzima.

Sasa vidonge vya minyoo. Kila mwezi ni ratiba ya watoto wa mbwa walioacha kunyonya, mpaka wafikishe miezi 6. Mbwa mkubwa anayekula chakula kilichopikwa, kila miezi 3 inamtosha. Hapo umeshapunguza theluthi mbili ya gharama. Lakini dozi iwe ya uzito halisi, na hapa ndipo pesa nyingi humwagika kimyakimya. Vidonge vingi vya mbwa hutolewa kimoja kwa kilo 10. Soma kibandiko cha hicho ulichonunua. Mtu humtazama mbwa wa kilo 24, anamkadiria 15, anampa kimoja na nusu, minyoo inalewa tu, wiki mbili baadaye yuko tena dukani akilalamika kuwa dawa ni feki. Panda kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa. Akiwa mzito wa kubeba, mwenye duka la mahindi ana mizani kubwa. Atacheka kidogo, atakupimia.

Kingine ni bure kabisa: zoa kinyesi kila siku, ukifukie mbali na bustani ya mboga. Mayai ya minyoo ya mviringo yakitoka tumboni huhitaji wiki 2 au zaidi ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu au mnyama mwingine. Ukizoa leo, umeyawahi. Kidonge kinasafisha tumbo, ua hakiusafishi. Na ukiona vipande kama punje za mchele karibu na mkia wa paka, hiyo ni tegu inayoletwa na viroboto. Hapo kumpa dawa ya tegu na kuviacha viroboto ni kujaza maji kwenye gunia.

Kuogesha kila Jumamosi, acha. Mbwa mwenye ngozi nzima anaweza kuoga mara moja kwa mwezi au kwa miezi miwili, au siku amejigalagaza kwenye kitu kinachonuka. Shampuu ya kila wiki inaondoa mafuta ya ngozi, anaanza kujikuna, unadhani ni viroboto, unanunua dawa nyingine. Na kumlowesha mbwa Uyole mwezi Julai kwa maji ya bomba ni ukatili mdogo, Mwalimu, ingawa najua hukukusudia. Huyo kijana usimfukuze. Mpe brashi na kibano, awachane na kuwakagua kupe mara mbili kwa wiki: ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya vidole. Kupe ang'olewe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kudumbukizwa kwenye spiriti, asipasuliwe kwa kucha.

Nimefika kwa jirani yako. Mshukuru, lakini dawa ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe. Dawa za josho zenye amitrazi, sumu ya kuua kupe, zimetengenezwa zichanganywe kwa kipimo cha mnyama mwenye ngozi nene asiyejilamba mwili mzima. Kwa mbwa kipo kipimo chake, na kukikisia kwa kifuniko cha chupa humfanya alegee, mapigo ya moyo yashuke. Kwa paka, nyingine za josho ni mbaya zaidi: sipamethrini na ndugu yake permethrini. Ini la paka haliwezi kuzivunja. Anatetemeka, anapata degedege, anakufa, na hahitaji kuogeshwa nazo. Kumlamba mbwa aliyeogeshwa kunatosha. Kwa hiyo hata dawa halali ya mbwa ya kudondosha mgongoni yenye permethrini, ukimpaka mbwa, mtenge na paka kwa siku 3.

Hapa kwetu kuna mkanganyiko wake. Pareto inalimwa Mbeya Vijijini, Makete na Mufindi, na watu wamezoea kusema ni dawa ya asili, haina madhara. Ni kweli sumu ya ua la pareto ni laini kuliko binamu zake wa kiwandani, hao kina permethrini, lakini unga uliosagwa nyumbani hujui una nguvu kiasi gani, na paka ni mdogo. Usimpake. Wala sindano ya ivamektini, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe, usiikubali: kila mililita ina miligramu 10, kiasi cha kumtosha mnyama wa kilo 50. Kosea tone kadhaa kwa paka wa kilo 3 uone.

Tumia pesa uliyookoa kwenye shampuu kununua dawa ya kupe ya mbwa yenyewe, kwa uzito wao, na uitumie kwa bidii msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili. Juni na Julai, kwa baridi ya huku, mimi huona kupe wachache. Ukaguzi wa mkono unaweza kutosha. Usiache kabisa, kwa sababu homa ya kupe ikishampata mbwa, dawa yake hunywewa karibu mwezi mzima, na hiyo ndiyo bili itakayokufanya uniandikie tena.

Viroboto wana siri yao: wengi hawako kwenye mbwa. Mayai na mabuu wako kwenye matandiko na nyufa za banda. Matandiko ya gunia yaanikwe juani na kubadilishwa kila wiki. Ukimpata mtu anayetoka Mafinga kwenye viwanda vya mbao, muombe maranda, gunia moja haligharimu kitu. Maranda, si lile vumbi la msumeno, hilo linawaingia puani. Ya zamani choma.

Chakula nadhani ndicho kinachokula nusu ya hizo 120,000. Mbwa mkubwa mwenye afya si lazima ale chakula cha mfuko. Ugali unamfaa, ila ugali mtupu haumtoshi. Kwa macho yangu sufuria nzuri ni sehemu mbili za ugali na moja ya kitu chenye nyama au samaki, na majani kidogo ya mchicha. Uko Mbeya, usipa wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, unafika sokoni Mwanjelwa umekauka. Wale waliovunjikavunjika, ambao mama lishe hawataki, bei yake hushuka, na mbwa hajali sura. Usipa mzima una mifupa yake, kwa hiyo chokaa ya mwili inapatikana humo. Uloweke kwanza chumvi itoke, kisha uchemshe. Mapafu na bandama kutoka buchani pia ni rahisi, lakini yachemke nusu saa nzima. Mbwa akila mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji anapata tegu ndogo ambayo mayai yake yanaweza kumletea binadamu uvimbe kwenye ini. Vitunguu usitie. Mifupa iliyopikwa ya kuku, inayovunjika kama sindano, usimpe. Viazi sawa, vilivyoiva na visivyo na kijani. Parachichi lililoanguka halitamuua mbwa, lakini kokwa lake linaziba utumbo, na upasuaji wa utumbo hauna bei ya chini. Okota chini ya mti.

Kuna akiba moja ya chakula siipendi hata kuisikia. Ni ile ya kusema mahindi haya yameota ukungu, tuwasagie mbwa. Ukungu huo unaleta sumukuvu, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Ini la mbwa ni dhaifu sana mbele yake. Nimeshaitwa kwenye nyumba yenye mbwa wa manjano macho mpaka fizi, gunia la mahindi meusi limesimama jikoni.

Paka usimpunguzie hivyo. Yeye si mbwa mdogo. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho cha moyo na macho, ni lazima aipate kwenye nyama na samaki. Ukimlisha ugali na maziwa miezi mingi, moyo wake unadhoofika na macho yanakufa. Kwa kuwa anakula kidogo, endelea kumnunulia chakula chake cha mfuko, umchanganyie usipa. Kama anakukamatia panya wa stoo, basi sumu ya panya iondoke nyumbani, maana panya aliyelewa sumu ndiye rahisi kukamatwa. Na akiugua, asipewe Panadol hata robo. Inamuua.

Umesema una jike na dume wa mbwa, na paka jike, hukusema lolote kuhusu uzazi. Mimba ya mbwa na ya paka zote ni kama siku 63. Jike wa mbwa hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, paka mara nyingi zaidi ya hapo, na kila kitoto kitahitaji dawa ya minyoo, chanjo na chakula mpaka upate wa kumpa. Kuhasi dume na kutoa kizazi cha majike ni gharama kubwa ya mara moja, sikufichi. Lakini inazuia usaha wa kizazi, ambao huja uzeeni na hutaka upasuaji wa haraka, na inawaondoa kwenye hatari ya ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wakipandana. Nawaona wengi wa uvimbe huo, na tiba yake ni sindano za kila wiki. Anza na paka jike, ndiye anayetoka. Muulize daktari kama anaweza kupasua wawili siku moja apunguze. Wengine tunakubali, ila hatutangazi. Na hakikisha amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kuuliza usajili si utovu wa adabu.

Hiyo Jumamosi iliyobaki wazi, itumie dakika 10. Inua mdomo: fizi ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, usisubiri Jumatatu. Kipimajoto cha duka la dawa, kwa njia ya haja kubwa, kisome kati ya nyuzi 38 na 39.2. Andika namba kwenye kadi, pamoja na uzito. Ukinipigia simu ukaniambia "nyuzi 40.3, fizi nyeupe, hajala tangu jana," nakuja na dawa sahihi mkobani. Ukiniambia "amepoa tu," nakuja mara mbili, na zote unalipa.

Siku ya chanjo, huyo paka mtie kwenye kikapu chenye kifuniko tangu alfajiri. Akishasikia pikipiki yangu nje ya geti, hutamwona tena mpaka jioni.